Kitufe Kikubwa cha Mama Kulwa

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Leo tena naijenga PHP, lugha ya kuandikia programu za kurasa. Kompyuta inasaga tangu asubuhi, na kaunta ya duka hili la spea imejaa wanaapolo, wachimba dhahabu, wanaogombania pampu za kutolea maji kwenye maduara yao, yale mashimo ya machimbo. Kelele tupu. Hapa Kahama mtu akisikia kompyuta anadhani ni televisheni. Mzee Akbar, mwenye duka, kaniuliza Linux, programu inayoendesha mashine hii, inauzwa bei gani. Nikamwambia ni ya bure. Akaanza kuitilia shaka. Jamani.

Jumanne, 9 Novemba

Imekubali! PHP imeshikana na Apache, programu inayotoa kurasa. Ukiandika jina la spea kwenye kompyuta ya kaunta, seva, ile mashine ya huku nyuma, inakuonyesha iko rafu ipi. Mji huu mzima hakuna mwingine anayeweza. Sijisifu, nasema ukweli.

Atakayeitumia ni Mama Kulwa, karani wa kaunta. Nimemfundisha kubonyeza hadi koo limenikauka. Anatumia kidole kimoja, na hicho kimoja nacho kinaogopa.

Jumatano, 10 Novemba

Nikiandika programu huwa najiwekea maelezo humo ndani, kwa Kiswahili. Kwenye ukurasa hayatokei, PHP huyameza. Nayasoma mimi tu. Leo nimeandika: "Mama Kulwa ni mzito kama gogo, mwekee kitufe kikubwa." Na: "Mzee Akbar haelewi kitu, mpe rangi rangi afurahi." Nimecheka peke yangu. Lazima mtu apumulie mahali.

Nimepanga chumba kwa huyo huyo Mama Kulwa, mtaa wa Nyahanga. Ndiye aliyenisemea kazi hii. Jioni kaniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akauliza kama kompyuta inaumiza macho. Maswali gani haya.

Ijumaa, 12 Novemba

Kesho Mzee Akbar anaikagua kazi. Akiridhika, ananiajiri moja kwa moja. Asiporidhika, narudi Ushirombo kulima mihogo na kaka zangu. Mimi na jembe! Haiwezekani.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimekwisha.

Umeme ulikatika alfajiri. Uliporudi, mashine ikajiwashia ile Apache ya zamani iliyokuja na CD ya Linux, isiyoijua PHP, badala ya hii niliyoijenga. Sikukagua. Bingwa mzima. Mama Kulwa akafungua ukurasa mbele ya bosi na wateja. Seva, badala ya kuiendesha programu, ikaimwaga yote kwenye kioo, mistari kwa mistari ya Kiingereza cha mashine. Na katikati yake Kiswahili changu.

Ndicho pekee alichoweza kukisoma. Alifurahi, maskini. Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kwa sauti, polepole, watu wote wasikie: "Mama Kulwa ni mzito kama gogo." Akaondoa kidole. Mstari wa pili Mzee Akbar alijisomea mwenyewe.

Nikaizima ile ya zamani, nikaiwasha yangu.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimeajiriwa. Mzee Akbar alitaka kunifukuza. Mama Kulwa akamwambia kijana kazi anaijua, amwache. Nilisikia kwa masikio yangu, nimesimama nyuma ya rafu. Afadhali angenitukana. Ningemdharau, nikalala usingizi wangu.

Asubuhi nilimkuta kaunta. Kabla sijafungua mdomo akainuka, mtu mzima sawa na mama yangu mzazi, akaniambia bila kutabasamu:

"Shikamoo, fundi."

Wateja wakageuka kunitazama. Nikapita kwenda nyuma kwenye seva, nikakaa.