Bomba la Maji Baridi Kwenye Hita ya Bibi

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba usinicheke, nimemaliza shule juzi tu na mbele ya watu sauti hunikauka, ila nyumbani mjomba, kaka yake mama, anamfungia bibi hita kwa sababu miguu yake inataka maji moto, na mabomba aliyoleta ni yale membamba ya plastiki ya kuunganisha kwa gundi, ubavuni yameandikwa "maji baridi tu", nikamwonyesha, akasema, "We mtoto, matokeo yenyewe hayajatoka, unanifundisha bomba? Maji ni maji!" na fundi wa vigae akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo, basi nikaokota kipande kilichobaki nikakitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kikalegea kama tambi, nikamwambia mama, akasema nisimvunjie mjomba heshima, na Jumamosi ukuta wa bafu wenye mabomba hayo unafunikwa vigae na bibi ameshachagua kigoda cha kuogea. Nifanye nini?

Mwenye kipande

Binti yangu, sikucheki wewe. Namcheka mjomba wako, mwenye macho mawili mazima, aliyeshindwa na maneno matatu ya ubavuni mwa bomba. Maji ni maji! Basi aoge yeye yanayochemka, tuone. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu anajenga ukuta ili afiche ufa.

Na wewe! Umejua, umejaribu, halafu umekaa na kipande mfukoni kama hirizi? Heshima gani hiyo, ya kumwacha bibi aunguzwe kwenye kigoda chake?

Ijumaa, wote wakiwapo, peleka sufuria inayochemka bafuni. Mwite bibi, hita ni yake. Tumbukiza kipande, kitoe kwa mwiko, kiweke mbele ya mjomba. Hotuba haihitajiki. Sema jambo moja tu, na ulifanyie mazoezi leo: mabomba ya maji moto ni yale manene yenye mstari mwekundu, yanayounganishwa kwa kuyeyushwa. Ya gundi yabaki kwenye maji baridi, huko hayana ubaya. Fundi wa vigae asikoroge saruji mpaka ya hita yabadilishwe, kisha maji moto yapite mkiyaona.

Mjomba akinuna, anune. Ngozi ya bibi haiungwi kwa gundi.