Alumini Yenye Mapovu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Magesa kanichamba mbele ya watu. Tanuri la hapa Buseresere ni lake, sisi mafundi sufuria wote tunayeyushia kwake kwa zamu. Eti mimi, Mama Eliya, napika uji wa alumini! Kanipa mpaka Jumamosi — nisipotoa kitu cha maana, zamu yangu anampa mwingine. Miaka tisa nimekaa pale. Siondoki ng'o!

Ndiyo, nataka mapovu. Wenzangu sufuria ikitoka na tundu la povu wanaivunja kwa aibu. Mimi nataka alumini iumuke kama andazi, igande hivyo hivyo, iwe nyepesi mpaka ielee. Wavuvi wa Nkome wanalalamika maboya ya plastiki yanapasuka kwa jua. Nitawapa yasiyopasuka.

Jumatano, 6 Agosti

Pistoni za lori zimeyeyuka safi. Nikatia unga wa chokaa ya kuku, ndiyo unaotoa hewa ya mapovu — nimeukaanga kwanza, ukiwa na unyevu alumini inakurukia usoni — nikakoroga mbio mbio, nikamimina kwenye boksi la chuma. Ikapanda! Inapanda kweli! Nikageuka kuchukua koleo.

Ngo, ngo, ngo. Mzee Amosi anagonga boksi kwa nondo, mapovu yatoke. Miaka thelathini anagongea sufuria zetu hivyo. Ikanywea yote, likabaki bamba zito. Kaniomba radhi, eti mkono umeenda wenyewe. Nikamwambia hamna shida mzee. Shida ipo! Nimelia chooni.

Alhamisi, 7 Agosti

Magesa kasikia. Kacheka mpaka kakohoa. Akohoe.

Jumamosi, 9 Agosti

Zamu ya mwisho. Amosi mwenyewe kabana mikono kwapani. Imepanda. Nikaielekezea feni ya tanuri, ikagandia huko huko juu; ilipopoa nikaitoa kwenye boksi.

Magesa kaja na nyundo. Eti leta bonge lako nilivunje, lirudi chunguni. Kainama, kajikaza kiuno, kalibeba kwa mikono miwili — si anajua uzito wa alumini ya ukubwa ule! Likamrukia mpaka kidevuni, kidogo aanguke chali. Kaligeuza. Kaligonga kwa ukucha. Nyundo kaiweka chini. Kauliza taratibu: Mama Eliya, humu umetia nini?

Nimeingia stoo kuandika haya. Yuko nje, bado kalikumbatia. Ananiita mara ya pili sasa.

Aite.