Mtumbwi wa Mzee Kashaija Umepata Kazi

Jumatano, 11 Julai 1951

Mtumbwi umefika! Wanaume wameubeba kutoka mto Kagera mpaka hapa Mabira, wakiimba njia nzima. Ndio kitu kikubwa kuliko vyote katika chumba chetu cha makumbusho. Makasia na migono ya samaki sasa vinaonekana vijiti tu. Mzee Kashaija, aliyevusha watu kwa mtumbwi huu tangu enzi za Wajerumani, ameutoa bure. Nimeupaka samli mpaka ukang'aa. Juu yake nimeweka kibao: USIGUSE.

Bwana Mkubwa, Mzungu wa serikali kutoka Bukoba, atakuja kufungua makumbusho Jumatatu. Akiridhika, nathibitishwa katika kazi hii ya ukarani. Asiporidhika — nisifikirie.

Ijumaa, 13 Julai

Nimetumwa Kibingo kuazima viti vya kanisa. Mwalimu Anatory wa huko akauliza mbona natetemeka. Nikasema baridi. Saa saba mchana!

Jumamosi, 14 Julai

Mungu wangu! Narudi, chumba kitupu. Mtumbwi uko nyuma, migombani, umejaa ndizi mbivu na nyasi — na ndani yake Mzee Kashaija, kanzu imepandishwa magotini, anakanyaga! Mkuu wa kijiji chetu, Mkungu Mutalemwa, anampigia makofi. Kumbe Mkungu aliahidi rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wageni wote, halafu hori lake la kukamulia ndizi likapasuka.

Nikasema, shikamoo mzee, lakini hii ni mali ya makumbusho!

"Marahaba, karani. Wageni watakunywa kibao chako?"

Na samli? Wameikwangua kwa majivu. Mkungu akasema nisimsimulie mtu habari za samli, watu wataniuliza kama nilitaka kuukaanga.

Jioni nikaomba waihamishie pombe mitungini. Wakakataa wote. Unga wa mtama umeshatiwa, ukisumbuliwa sasa pombe inaharibika. Isubiri mpaka kesho jioni. Basi, kesho jioni tutauosha, Jumatatu utakuwa mahali pake. Itawezekana. Lazima iwezekane.

Jumapili, 15 Julai

Gari! Bwana Mkubwa amekuja leo! Anataka kuona kila kitu kabla ya watu.

Swali la kwanza: mtumbwi uko wapi? Mzee Kashaija akanijibia. "Uko kazini, Bwana." Akamwongoza migombani, akafunua majani ya migomba. Povu. Nyuki. Na kilichogandamiza majani — kibao changu!

Bwana akainama, akaisikiliza pombe inavyochemka. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha pole pole, nani ameandika kibao hiki.

Wote wakanitazama mimi.

Nikasema naleta kiti. Sasa niko stoo, nimekikalia kiti chenyewe, naandika haraka. Nachungulia dirishani. Bwana amevua kofia. Mkungu anacheka — kwa nini anacheka? Kwa mkono mmoja Bwana ameshika kibao changu, kinachuruzika rubisi. Mkono mwingine ana kibuyu cha kunywea. Anakitikisa sikioni. Kitupu — amekunywa yote!

Anakuja huku. Ananiita karani —