Mhojiwa wa Saba

Mtaa wa Dallas, Embu, 15 Julai 2025. Asubuhi ya manyunyu na baridi.

Dada Cicily,

Watoto hawajambo, maharagwe tumeshavuna. Makala ya bosi wangu Njiru kuhusu ushauri nasaha kazini nimeichapa mara nne, na jarida limeirudisha tena. Wanataka mhojiwa wa saba aelezwe zaidi, na Njiru amenipa mistari ya kuongeza: karani wa kupima majani chai huko Nkubu, mjane, hujifungia stoo alie ili meneja asimwone.

Kwa nini hukuniambia?

Nilimwomba Njiru akufiche zaidi. Akanijibu, "Gatwiri, wewe chapa tu. Jina si halipo!" Wajane wanaopima chai hapo ni wangapi? Meneja atakujua, na utafutwa kazi.

Fomu ya ridhaa uliyotia sahihi ulipohojiwa inakuruhusu kujitoa. Mpigie Njiru kabla ya Ijumaa, siku ya kuirudisha makala kwa jarida. Mistari hiyo sijaichapa.

Jana nililala saa nane usiku.

Mdogo wako,
Gatwiri