Nimekata Fimbo ya Mwalimu, Sifa Kachukua Mume

Mpendwa Mama Aurelia, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nina furaha na hasira kwa pamoja. Mume wangu Tadei, Baba Tumsifu, anatengeneza fimbo za mianzi za kuvulia samaki hapa Bombambili, na bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi, Mwalimu Baltazar, aliyehamia kutoka Bukoba, akatuletea fimbo mbili za faiba, zile za nyuzi za kioo, tupu, hazina mpini wala pete za kupitishia mshipi, akataka tuzipunguze zimfae kimo chake, sasa Tadei kwao ni wagema ulanzi, pombe ya mianzi, akaishika ya kwanza kama mwanzi, kisu kikali, pigo moja la mshazari kwenye ncha, ikapasuka hadi katikati na vibanzi vikamwingia kiganjani, akanuna, akaenda Maposeni kumvunia mama yake mahindi, akaniachia maneno kwamba nimwambie Mwalimu ilikuja imevunjika.

Sikudanganya, Mama, Mwalimu nilimwambia tumeiharibu sisi. Halafu ile iliyopasuka nikaifanya shule yangu, nikaikata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo ikachanika nyuzi, nikazungushia selotepu ya kubana, nikakata juu ya selotepu huku naizungusha taratibu, ikatoka safi, ila vumbi likaniwasha shingo siku nzima, basi mara ya tatu nikakatia nje, nikailowesha maji, nikajifunga kitambaa puani, ndipo nikaigusa ile nzima, nikapunguza upande mnene wa mpini nikaiacha ncha, na ilivyokatika vizuri nilipiga kigelegele peke yangu uani.

Tadei akarudi akafunga pete, na kwa kufunga pete hana mpinzani, Mwalimu akaja, akaipinda, akacheka kwa raha, na mume wangu akasema mbele yangu, "Ile ya kwanza ilinifundisha, Mwalimu. Hii nimeikata mwenyewe." Nikanyamaza. Jumamosi Mwalimu analeta nyingine tatu za walimu wenzake, anataka kila moja iandikwe jina la fundi, na Tadei ameshaanza kunoa kisu. Nikisema namwaibisha, nisiposema fimbo za watu zinapasuka. Nifanyeje?

Benigna, Bombambili, Songea

Benigna mwanangu, hongera. Kigelegele chako nimekiitikia hapa ofisini, watu wakanishangaa.

Sasa kaa nikugombeze. Ulifunika pua ukaacha macho wazi, ulitaka kibanzi kikupofushe ndipo ujue? Jumamosi azima miwani na uvae mikono mirefu. Watoto na chakula vikae mbali. Vumbi lile usilipulize, lifute kwa kitambaa kibichi, na nguo za kazi uzifue peke yake. Pima mara mbili mwenye fimbo akiwepo, kwa sababu ukishapunguza hakuna cha kurudishia. Fimbo ilaze juu ya nguo laini, usiibane kwa nguvu, na ukimaliza sugua pale ulipokata kwa msasa uliolowa. Ncha usiiguse, uzuri wa kupinda uko huko.

Kosa lako kubwa ni lile la kunyamaza. Ulikuwa na ujasiri wa kumwambia Mwalimu mmeharibu, ukakosa ujasiri wa kumwambia umefaulu! Hilo limeniudhi kuliko uongo wa mumeo.

Ila usimvue nguo mbele ya wageni. Ijumaa, akishakula akashiba, weka mezani ile fimbo iliyopasuka umwambie: "Baba Tumsifu, kukata nakata mimi, kufunga pete unafunga wewe." Usiombe, mwambie. Akibisha, mpe msumeno, kitambaa na kipande kilichobaki, ajifunze kama ulivyojifunza wewe, kabla hajagusa mali ya mtu. Kisu cha ulanzi kirudi Maposeni.

Jumamosi toa meza uani, Mwalimu asimame pale pale, ukate ya kwanza akikuona. Mwache Tadei naye aonyeshe pete zake, asifiwe kwa kilicho chake. Halafu chukua brashi uandike majina, lake juu karibu na pete, lako chini karibu na mpini, pale msumeno wako ulipopita. Liandike kabla ya vanishi, Benigna, lisije likafutika.