Injini ya Marehemu Ndani ya Pipa

Alhamisi, Agosti 1976

Bado naisikia ile injini ya mashua, ingawa niliizima saa kumi.

Muriuki ndiye ameileta kutoka bwawani, kule chini kwenye joto. Ni ya ndugu yake, aliyezama baada ya injini kumzimikia majini. Nikafungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, nikitafuta uchafu. Hakuna. Ni skrubu ya petroli tu iliyokazwa sana, vile mafundi wetu hapa Nyeri hukaza. Huku juu hewa ni nyepesi, petroli ikipunguzwa injini inatulia. Kule chini bwawani hewa ni nzito, petroli hiyo haitoshi, injini inazima.

Nikailegeza, nikaiwasha ndani ya pipa la maji. Ikakohoa, ikatoa moshi.

Muriuki akakasirika. "Fundi, umeiharibu! Siku ndugu yangu alipoichukua kwa fundi hapa mjini ilikuwa inaimba, ati mpaka watu wakasimama kusikiliza."

Nikamwambia lazima ikohoe hapa ndio iimbe kule.

Akautazama ule moshi. Kisha akauliza polepole, "Kwa hivyo siku ile, kama ingekohoa..."

Nikainama nikaanza kufuta bisibisi. Ilikuwa safi tayari.