Ile Bendera ya Asubuhi

Mwaka umetimia leo, Babu, tangu uliposhusha kikombe cha chai juu ya meza ya karakana yako, ukaegemea kiti na kutuacha bila utaratibu wowote. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu haachi zamu mpaka amekabidhi. Hukukabidhi. Ndiyo maana mpaka leo tumechanganyikiwa, na tunakuandikia mbele ya watu wote ili usije ukasema hukusikia.

Ulilitumikia jeshi la wanamaji miaka ishirini na miwili. Kazi yako ilikuwa ishara: kusimama juu ya meli na kuzungumza kwa bendera na meli nyingine iliyo mbali. Majirani walikuita Kapteni, nawe hukuchoka kuwasahihisha. "Mimi si kapteni," ulisema. "Kapteni ndiye aliyekuwa akija kuniuliza mimi, wale kule wanasema nini." Siku moja mzinga ulifyatuliwa karibu nawe kabla hujaziba masikio. Ukarudi nyumbani na medali moja, na nusu ya sikio.

Ulipostaafu ulitengeneza pampu za maji. Ile ya zahanati uliitengeneza mara tano, kila mara ukiapa kwamba ni ya mwisho, na kila mara mjumbe alipokuja ulikuwa umeshavaa buti kabla hajamaliza kueleza.

Nyumbani tuliishi kama mabaharia wasio na maji. Kila Jumamosi tulipiga deki, na baada ya deki ulipitisha leso yako nyeupe chini ya kabati. Ikitoka chafu hukumgombeza mtu. Uliitundika mlangoni, kila mgeni aione.

Na zile bendera. Bibi aliyekuwa akikuita mpaka sauti inamkauka alikataa kuishi kama mpiga mnada, kwa hiyo akashona bendera kutoka vipande vya vitambaa, zake na zako. Wewe ukafunga kapi na kamba kutoka dirisha la jikoni hadi karakana. Njano ni chakula tayari. Nyekundu ni njoo upesi. Bluu tupu ni naomba chai. Nyeupe yenye mstari mweusi ni samahani. Miaka ishirini mlizungumza hivyo, na majirani wakaacha kushangaa. Bendera ya samahani Bibi aliipandisha mara nne. Ya kwako, Babu, ilikaa ndani ya mfuko wako wa turubai ikiwa na mikunjo ile ile ya pasi ya siku iliposhonwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Jioni ya mwisho wewe na Bibi mligombana. Watoto wako walikuwa wamekununulia kifaa cha kusaidia sikio, nawe ukakificha ndani ya bakuli la sukari. Bibi alikikuta kwenye kijiko. Ukamwambia, "Nimeshasikia mizinga, sihitaji kusikia umbea." Naye akajibu, "Basi kaa na ukiziwi wako, usinisemeshe tena." Hatujui kama ulilisikia hilo. Yeye pia hajui.

Asubuhi yake, kutoka karakana, ikapanda bendera yako ya samahani. Kabla ya saa sita mchana ulikuwa umeshaondoka.

Kwa mwaka mzima Bibi ameishi juu ya bendera hiyo. Ameiweka chini ya mto akailalia. Amemsimulia kila aliyekuja kumpa pole, hata kijana wa kusoma mita. "Aliniomba radhi," husema. "Mwanamume yule, kwa mara ya kwanza, aliniomba radhi." Jumapili iliyopita tulikaa sebuleni kuchagua maneno ya jiwe la kaburi lako, maana fundi wa mawe alitaka jibu kufikia Jumatano. Bibi alikuwa ameshayaandika kwenye karatasi: Aliomba msamaha, akasamehewa.

Hapo ndipo mjukuu wako wa mwisho, yule uliyemwita Panya wa Meli kwa sababu ya tabia zake ndani ya stoo, alipokohoa.

"Bibi, kabla fundi hajachonga."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nina jambo."

"Amefukuzwa shule," alisema mwanao, fundi umeme, bila hata kugeuka.

"Bado, Baba."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ilikuwa Panya. Alieleza kwamba mchana wa siku ile ya ugomvi, wewe ukiwa umelala, yeye akisubiri basi la kurudi shule ya bweni, aliingia karakana. Ule mfuko wako wa turubai ulikuwa mlangoni, wenye vijumba kumi na kimoja, kila bendera na kijumba chake. Alitoa ya samahani akaitia mahali pa chai, na ya chai akaisokomeza mahali pa samahani. Alikusudia siku moja uombe chai, Bibi adhani dunia imefika mwisho, kisha wote mcheke na yeye aletewe habari bwenini. Habari zilizomfikia kesho yake, zikiletwa na mwalimu wa bweni mlangoni mwa darasa, hazikuwa hizo.

Sote tulikuwa tunajua hukuwa ukitazama rangi tena. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia macho yote mawili. Mkono wako ulikwenda wenyewe kwenye kijumba, kama ulivyozoea melini.

"Wewe mtoto wewe!" alisema binti yako, muuguzi.

Bibi aliinama, akavua ndara moja, akaishika. Kisha akasahau kwa nini ameishika.

"Kwa hiyo alitaka chai," alisema.

"Sijui, Bibi."

"Nimemwambia mpaka kijana wa mita."

Binti yako alisema nyeupe na bluu hata mwenye mtoto wa jicho anaziona. Mwanao alisema hapana, mwezi ule ule ulivaa soksi moja nyekundu na moja ya kijani ukatoka nazo hadi zahanati. Wakabishana hivyo, kila mmoja akikutetea dhidi ya mwenzake, mpaka ikawa haijulikani nani anatetea nini.

Bibi akawanyamazisha kwa ndara. Akasimulia kitu ambacho hakuwahi kutusimulia. Alipoiona bendera ile alikaa juu ya ndoo jikoni akalia. Kisha akapika chai, na badala ya kuiweka dirishani akagonga bati kama siku zote, aliibeba mwenyewe hadi karakana, akaketi ubavuni mwako. Ulikipokea kikombe, ukamtazama, ukasema kwa ile sauti yako ya kuvuka mawimbi: "Leo huduma imeboreshwa!" Mkacheka wote wawili. Mkakaa.

"Sasa mtu aliyeomba radhi anasema hivyo?" aliuliza Bibi. "Au ni mtu aliyeomba chai?"

Tulitazama sakafu. Ilihitaji deki.

"Nenda ukazirudishe, kila moja mahali pake," alimwambia Panya, akimpa bendera ya samahani kutoka chini ya mto, na ufunguo alioufunga kwenye pindo la nguo yake tangu siku ya mazishi. Karakana haikuwa imefunguliwa mwaka mzima.

Panya alikwenda. Tulimsikia akipiga chafya kwa vumbi, kisha akarudi mbio, akapita juu ya meza badala ya kuizunguka. Mkononi alikuwa na bendera ya bluu, ile aliyoitoa kwenye kijumba cha samahani. Ilikuwa imeviringishwa ikabana kama sigara, kamba yake ndogo imechomekwa ndani kwa fundo lako, lile ulilojaribu kutufundisha wote na wote tukashindwa.

"Mimi niliisokomeza," alisema akihema. "Bibi, naapa, niliisokomeza kama soksi!"

Tukaielewa polepole. Asubuhi ile uliigusa bendera ya bluu. Uliitoa mahali pa samahani, ukaiviringisha, ukairudisha. Basi huenda mkono wako ulikwenda kwanza kwenye samahani, ukakuta si yenyewe, ukaitafuta mpaka ukaipata.

"Au aliona tu imekaa vibaya, akaitengeneza," alisema mwanao. "Mnamjua. Asingeweza kuacha kitambaa kimekunjamana."

"Angeitengeneza akaiacha kwenye kijumba kisicho chake?" aliuliza binti yako.

"Hakuwa akiona!"

"Basi aliona au hakuona? Chagua moja!"

Panya alitaka kuikunjua aangalie ndani. Bibi akaushika mkono wake.

"Usiikunjue. Hakuna tena mtu wa kuikunja."

Jumatano fundi wa mawe alikuja na patasi zake. Bibi alimwonyesha achonge bendera moja, isiyo na rangi wala mstari. Fundi akauliza, "Na maneno, mama?" "Acha nafasi," alisema Bibi.

Leo asubuhi, Babu, kamba imejaa. Bibi ameipandisha nyeupe, ile ya samahani. Bluu ameifunga kando yake ikiwa bado imeviringishwa. Kikombe kiko karakana, mezani, na Bibi ameketi ubavuni mwa kiti chako. Panya anapiga deki nyumba nzima, adhabu ya kila likizo mpaka atakapooa, na leso yako iko mlangoni, chafu. Tunaendelea kubishana. Kila upande una hakika mpaka upande mwingine ufungue mdomo.

Tunaokukumbuka ni mkeo, anayekujibu kwa bendera hata sasa. Mwanao fundi umeme. Binti yako muuguzi. Jamaa wote wa zahanati, ambako pampu imeharibika tena. Na Panya wako wa Meli, ambaye alitaka kukuchekesha, na hajui kama akuombe radhi au akuletee chai.

Hatutakusahau, Babu. Zamu yako tumeishika, ingawa hukutukabidhi.